Uwanja Mkubwa Ng'ambo ya Kisiwa

Mtu asimamaye kivukoni Likoni saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya kazi, hujifunza jiografia ya Mombasa bila kufungua kitabu. Feri hufika gatini, mlango wake wa chuma huteremshwa juu ya saruji, na umati humwagika ukapanda mlima kwa miguu: makarani, makuli, wauza nguo, wanafunzi wenye mikoba, na akina mama wenye vikapu. Hao wote walishinda kisiwani, nao sasa warudi makwao bara. Saa hiyo hiyo magari husongamana juu ya daraja la Nyali yakielekea Kisauni, na Makupa yakielekea Changamwe. Kisiwa hushinda na watu. Bara hulala nao.

Sensa ya mwaka 2019 iliyathibitisha kwa tarakimu haya ambayo macho huyaona. Kaunti ya Mombasa ilikutwa na watu 1,208,333. Katika hao, waliohesabiwa Mvita, ndio kusema kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Kisauni walikuwa 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, na Changamwe 131,882. Msomaji akizijumlisha hesabu tano hizo za mwisho atapata watu 1,054,162. Kwa hiyo katika kila watu 8 wa Mombasa, karibu 7 hukaa ng'ambo ya maji.

Hesabu hizo nimezitanguliza kwa kuwa bila ya hizo hoja ya insha hii haieleweki. Kwa muda mrefu watu wa Mombasa wameambiwa kwamba watajengewa uwanja mkubwa wa michezo, wenye majukwaa pande zote, taa za usiku na vyumba vya wachezaji, uwanja ufaao timu za kulipwa na wageni wa mataifa. Ahadi hiyo ilitoka katika vinywa vingi. Muungano wa Jubilee uliitia katika ilani yake ya uchaguzi wa 2013, Mombasa ikiwa mojawapo ya miji iliyoahidiwa viwanja vipya vya kiwango cha kimataifa. Kila ahadi hiyo inaporudi, serikali ya mahali haina budi kuyajibu maswali matatu: uwanja ujengwe wapi, kwa fedha ya nani, na ardhi itakayochukuliwa sasa yatumiwa na nani. Maswali mawili ya kwanza huulizwa kwa sauti kubwa. La tatu aghalabu huulizwa na wale ambao sauti zao hazifiki mbali, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Ili kulijibu yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Mji wa Mombasa ulizaliwa kisiwani. Ngome, bandari ya majahazi, misikiti ya kale na masoko vilikuwa huko, na bara ilikuwa mashamba ya minazi, miembe na mihogo, pamoja na vijiji vya Waswahili na vya Wamijikenda. Bara haikuwa tupu wala haikuwa ya kigeni. Jina la Changamwe ni la taifa moja katika Thelatha Taifa, mataifa matatu yaliyoungana katika mambo ya mji tangu zamani. Lakini mamlaka yalikaa kisiwani, na kisiwa kikazoea kuitazama bara kama ghala lake. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza waliweka Frere Town upande wa Kisauni, makao ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa, nayo ikavuka Makupa ikaingia Changamwe na kushika njia ya Uganda. Mwaka 1931 daraja la Nyali lililoelea juu ya maji liliunganisha kisiwa na Kisauni. Daraja la sasa lilifunguliwa 1980. Feri ya Likoni ilianza kazi 1937. Kisha bara ikapewa uwanja wa ndege, kiwanda cha saruji cha Bamburi, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, matangi, maghala na maegesho ya malori. Atazamaye orodha hiyo ataona ya kuwa kila kilichotaka nafasi kubwa, na kila kilichotoa moshi, vumbi au harufu, kilivushwa maji. Hata takataka za mji zilivushwa, zikapelekwa Mwakirunge katika Kisauni.

Viwanja vya starehe havikuvushwa. Uwanja wa manispaa, uwanja wa Mbaraki na uwanja wa gofu vilibaki kisiwani. Sisemi kwamba wakubwa wa zamani walikaa baraza wakala njama dhidi ya bara. Walijenga karibu na makazi yao, kama watu wengi wafanyavyo, na madiwani waliofuata baada ya uhuru wakarithi viwanja hivyo pale pale vilipokuwa.

Mpira wenyewe haukungoja majukwaa. Ulipofika pwani pamoja na mabaharia, makarani na walimu wa shule za misheni, ulipata nafasi popote palipokuwa na mchanga ulioshindiliwa na miti miwili ya kusimamisha lango. Uwanja wa namna hiyo ulikuwa na kazi nyingine ambayo waandishi wa michezo huisahau. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma: makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi, wachukuzi, wapatao 15,000. Mgomo ulidumu siku 12. Kila siku wagomaji walikusanyika upande wa Majengo mahali pa wazi palipokuwa pakichezewa mpira, pakaitwa Kiembeni. Hapo walisikiliza habari, wakakata shauri, wakakutana na Chege Kibachia aliyekuwa akiuongoza umoja wao. Hapakuwa na mlango, wala kiingilio, wala mlinzi wa kuuliza mtu amekuja kwa amri ya nani. Mahali hapo palikuwa pa wote, na kwa hiyo wote waliweza kukutana. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba kipande fulani cha ardhi hakina kazi ila kuchezewa na watoto.

Katika mpira wa mashindano Mombasa haikuwa nyuma. Ligi ya taifa ya Kenya ilianzishwa 1963, na mwaka 1965 klabu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa. Wazee wa mji hulitaja jina hilo hata leo kwa namna ya mtu anayemtaja ndugu aliyesafiri asirudi. Tena Machi 2007 Mombasa iliandaa mbio za nyika za ubingwa wa dunia, na umati mkubwa ulisimama juani kuwatazama Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshindwa na joto akaacha mbio, na Zersenay Tadese wa Eritrea aliyeshinda. Mbio hizo zilikimbiwa katika uwanja wa gofu. Mji wa mamia ya maelfu ya watu ulipokea dunia katika uwanja ambao siku za kawaida huchezewa na watu wachache.

Klabu iliyobeba jina la Mombasa baada ya Feisal ni Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Ilimaliza ya pili katika ligi mwaka 2018, ikamaliza ya pili tena msimu wa 2018/2019, na mwaka huo wa 2019 ikatwaa kombe la shirikisho la taifa. Ushindi huo uliipa nafasi ya kucheza katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Wageni wakaja: Al-Ahly Shendi ya Sudan, kisha Ben Guerdane ya Tunisia. Bandari iliwatoa wote wawili. Lakini mechi za nyumbani hazikuchezwa nyumbani. Hapakuwa na uwanja Mombasa uliotimiza masharti ya Shirikisho la Afrika, basi timu ilisafiri karibu kilomita 480 mpaka Nairobi ikawakaribishe wageni Kasarani. Shabiki wa Changamwe aliyetaka kuiona timu yake ikiwa mwenyeji alihitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na ruhusa ya kazini. Wengi waliisikiliza redioni. Mtu asemaye kwamba uwanja mkubwa ni pambo tu la wakubwa na afikiri habari hiyo kwanza, kwa maana unyonge wa kuwa mgeni katika sherehe yako mwenyewe si jambo dogo.

Wakati huo uwanja wa manispaa wa kisiwani ulikuwa katika hali ya kusikitisha. Ulifungwa ili ujengwe upya, majukwaa ya zamani yakabomolewa, kazi ikaanza kwa kishindo kisha ikasimama, na kwa miaka mingi nguzo zilikaa wazi zikinyeshewa mvua. Kenya nzima ilikuwa imeonja uchungu wa namna hiyo. Ilikuwa imepewa heshima ya kuandaa mashindano ya CHAN ya 2018, nayo ikanyang'anywa Septemba 2017 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, yakapelekwa Moroko.

Basi nani mwenye kuamua? Kabla ya 2010 jambo kama hili lingekatwa kati ya baraza la mji na wizara Nairobi, na raia angelisoma gazetini. Katiba ya 2010 ilibadili mpango. Katika Jedwali la Nne, kuendeleza michezo kwa jumla kuliachwa kwa serikali ya taifa, lakini vifaa na mahali pa michezo vilitiwa katika kazi za kaunti. Kifungu cha 196 hulitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya mazingira ya 1999 hutaka mradi mkubwa upimwe madhara yake kabla jembe la kwanza halijapigwa. Na jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitambui ni hili: wadi za Mombasa ni 30, na katika hizo 25 ziko bara. Kisiwa kina wadi 5. Kwa hiyo wawakilishi wa bara wakikubaliana, hakuna uwanja wala bajeti ya uwanja inayoweza kupita bila ya ridhaa yao. Bara iliyokuwa ghala sasa ndiyo yenye kura. Kama inaitumia kura hiyo ipasavyo, hilo ni swali la kila mwaka bajeti inaposomwa.

Na tufikiri kama mwakilishi mmoja wa bara aliyeletewa hoja ya uwanja wa viti 20,000. Auweke wapi?

Akisema Likoni, atakuwa na sababu njema. Likoni ina robo milioni ya watu na haina jambo kubwa la kumvusha mtu wa kisiwani isipokuwa njia ya kwenda Diani. Ardhi ya kusini haijajaa kama ya Kisauni, na barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kuizunguka bahari kutoka Miritini. Lakini njia ya wengi ni kivuko. Feri za Likoni hutajwa kuvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, nazo zimejaa kabla ya mechi yoyote kuchezwa. Hapa historia humshika mtu mkono. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaa watu kupita kiasi, wengi wao wakienda kazini, nao watu 272 wakafa. Walikuwa wakivuka mkono mwembamba wa bahari ambao mtu husimama upande huu akatambua rangi ya nguo ya aliye upande wa pili. Katika Likoni na Mtongwe zipo nyumba nyingi ambako tarehe hiyo haihitaji kuelezwa. Sasa mwakilishi wetu na afikirie saa tatu ya usiku, mechi imekwisha, timu ya nyumbani imefungwa dakika ya mwisho, na watu 8,000 wanateremka mlima kwa pamoja kwenda kivukoni. Asiyeitazama picha hiyo kabla ya kupiga kura hajafanya kazi aliyotumwa.

Changamwe ina barabara kuu, reli na uwanja wa ndege, na mgeni wa mataifa angeshuka katika ndege akafika uwanjani kabla jasho halijamkauka. Lakini barabara hiyo ndiyo mshipa wa bandari. Malori ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na kila saa moja ya msongamano ni hasara kwa nchi kadhaa.

Inabaki Kisauni, na hapo swali la tatu hutoka mbele. Kisauni ndiyo yenye watu wengi kuliko sehemu zote za kaunti, na upande wa Mwakirunge bado ipo ardhi ambayo juu ya ramani huonekana nyeupe. Mwanafunzi wa historia na aziogope ramani nyeupe. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wapeleke madai ya ardhi yao yaandikwe. Waliojua sheria, wenye karatasi na wakili, waliandikiwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme. Wamijikenda wengi, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ilijulikana kwa mnazi uliopandwa na kaburi lililochimbwa, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wajukuu wao wakaitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Ndiyo sababu hata leo, katika sehemu nyingi za Likoni na Kisauni, nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja chake ni cha mtu mwingine, na mwenye nyumba hukaa miaka 40 bila kujua kama mwanawe atakaa 41. Hesabu ya fidia inapofanywa kwa ajili ya mradi mkubwa, mwenye hati huitwa kwanza. Aliyepanda mnazi hulipwa mnazi wake, kama ana bahati.

Mahali hapa yafaa tuvuke bahari kidogo, maana jambo la namna hii limekwisha kutokea kwingine na mwisho wake wajulikana. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, palikuwa na vijiji vitatu vya watu wenye asili ya Meksiko katika bonde liitwalo Chavez Ravine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya mji iliwaambia wahame ili zijengwe nyumba za bei nafuu, nao wangekuwa wa kwanza kuzipangisha. Wengi wakahama. Nyumba hazikujengwa, siasa ziligeuka na mpango ukafutwa. Mwaka 1957 mji ukapatana na klabu ya besiboli ya Dodgers, iliyokuwa ikihama kutoka Brooklyn, kuipa ardhi hiyo ijenge uwanja. Wananchi walipiga kura 1958, na waliokubali wakashinda kwa tofauti ndogo. Mei 1959 polisi waliwatoa watu wa mwisho katika nyumba zao, wengine wakibebwa kwa nguvu, na uwanja ukafunguliwa 1962. Ni uwanja mzuri, mamilioni wamefurahi ndani yake. Tukumbuke pia kwamba kura ilipigwa kwa haki. Wapiga kura walikuwa mji mzima, na waliotolewa walikuwa bonde moja. Ndivyo hesabu ilivyokuwa.

Karibu nasi zaidi ni Kampala. Uwanja wa Nakivubo ulikuwa mali ya umma, na katika miaka ya 1950 ulitengwa kisheria uwe ukumbusho wa askari wa Uganda waliokufa vitani. Mwaka 2017 ulibomolewa, mfanyabiashara mmoja akaujenga upya kwa fedha yake, ukafunguliwa 2024. Kuta zake zimezungukwa na maduka, kwa kuwa mwenye kuweka fedha hutaka fedha irudi, na mpira peke yake haurudishi. Wapo wanaousifu mpango huo kwa kuwa serikali haikutoa fedha ya ujenzi, na wapo wanaouliza mali ya umma iligeukaje kuwa soko la mtu. Mimi nawaona wote wawili wana neno. Chamazi, kando ya Dar es Salaam, jambo lilikwenda kwa njia iliyo wazi zaidi: klabu ya Azam ilijijengea uwanja wake, wa kiasi, na hakuna aliyelazimika kuuliza ni wa nani.

Turudi kwa mwakilishi wetu na karatasi za hesabu alizoletewa. Ndani ya karatasi za namna hiyo huandikwa kwamba uwanja utaleta kazi. Ni kweli kwa sehemu. Wakati wa ujenzi waashi, mafundi chuma na wachukuzi watapata ujira. Siku ya mechi wauza viazi karai, kachiri, madafu na mabuyu watauza kuliko siku nyingine, na matatu zitajaa. Lakini siku za mechi ni ngapi? Ligi kuu ya Kenya huwa na timu 18. Kila timu hucheza mechi 34, na 17 katika hizo ndizo za nyumbani. Tuongeze mechi chache za kombe na sikukuu za taifa, bado hatufiki siku 30. Siku zilizobaki za mwaka uwanja utanyamaza, na huku walinzi, maji, umeme na mkata nyasi wanataka kulipwa. Wala watoto wa mtaa hawataingia humo kucheza, kwa sababu nyasi za kiwango hicho haziwezi kukanyagwa kutwa. Zikichezewa kila siku zitakuwa mchanga kabla ya mwaka kwisha. Uwanja mkubwa hujengwa ili watu wengi watazame na watu 22 wacheze.

Nafasi unayoitaka nayo ni nyingi. Kiwanja cha mpira cha kipimo kamili huwa mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Tuseme uwanja wenye majukwaa, maegesho na njia zake watwaa ekari 25. Juu ya ardhi hiyo vingeenea viwanja 14 vya mchanga, na kila kimoja kingechezewa jioni zote za mwaka. Hapana mtu atakayejenga viwanja 14 mahali pamoja, na mfano huu si wa kufuatwa kama ulivyo. Nimeutoa ili tuone bei halisi, ambayo haiandikwi kwa shilingi. Maana katika bara ya Mombasa ardhi iliyo wazi, isiyo shamba la mtu wala nyumba ya mtu, kwa kawaida ni ile iliyo wazi kwa sababu watoto huichezea. Macho ya mpimaji huangukia hapo kwanza. Ndivyo ilivyo kwamba mpango wa kuleta uwanja waweza kuanza kwa kuondoa viwanja.

Hoja ya kuupinga uwanja nayo ina udhaifu, na si haki kuuficha. Kiwanja cha mchanga kisicho na hati hakilindwi na mtu. Leo watoto wanacheza, kesho pamesimikwa vigingi, keshokutwa pana ukuta wa mawe, na mwenye ukuta ana karatasi. Pwani nzima yajua habari hizo, na viwanja vya shule havikusalimika. Uwanja uliojengwa na kaunti, ulioandikwa katika bajeti na kupewa jina, ni vigumu kuibwa usiku mmoja. Bomu, kule Changamwe, hutajwa mara kwa mara katika mipango ya viwanja vya Mombasa, na watu wake wana haki ya kuuliza kwa nini uwanja uliopo usiinuliwe kwanza: ukuta, vyoo, jukwaa moja la kivuli, taa nne, na hati iliyoandikwa kwa jina la umma. Vivyo hivyo kwa Likoni na Kisauni. Lakini uwanja wa namna hiyo, hata ukiwa mzuri, haungeirudisha Bandari nyumbani siku ile ya 2019, kwa kuwa masharti ya Shirikisho la Afrika ni mazito na kila mwaka huzidi. Mwakilishi wetu hawezi kuvipata vyote kwa fedha ya mwaka mmoja. Akitenga fedha kwa ajili ya viwanja vitano vidogo, atalaumiwa na shabiki aliyekwenda Nairobi kwa basi. Akizitenga kwa uwanja mmoja mkubwa, atalaumiwa na mama aliyeng'olewa minazi.

Mimi ningekuwa yeye ningedai mambo mawili kabla ya kuinua mkono. La kwanza, orodha ya kila kiwanja kinachochezewa bara, kikubwa na kidogo, pamoja na jina la mwenye hati yake, isomwe wazi mbele ya watu wa wadi. La pili, mkutano wa wananchi ufanywe pale pale panapotakiwa kujengwa, jioni watu wakiwa wamerudi makazini. Mikutano ya namna hiyo mara nyingi huitishwa asubuhi katika kumbi za kisiwani, wakati mwenye shamba yuko shambani na kuli yuko gatini, kisha huandikwa kwamba wananchi walishauriwa.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nairobi ilianza mwaka uliofuata kujenga uwanja mpya wa viti 60,000, Tanzania ikajenga mwingine Arusha, Uganda ikajenga Hoima. Agosti 2025 nchi hizo tatu ziliandaa CHAN. Mechi zilichezwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Unguja. Unguja ni kisiwa kama Mvita, lakini kina uwanja wa Amaan uliofunguliwa 1970 na kutengenezwa upya hivi karibuni, na hapo Wasudani, Wasenegali, Wakongo na Wanaijeria walichezea mechi za kundi lao. Fainali ilikuwa Kasarani tarehe 30 Agosti, Moroko ikaifunga Bukini 3 kwa 2. Mombasa hapakuchezwa hata mechi moja. Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe waliitazama fainali katika televisheni, na kesho yake jioni watoto wao walirudi mchangani, wakagawana pande mbili, wakabishana ni nani atakayekuwa Moroko.